Tundu Lililosimama Mlangoni

Kila neno utakalolisoma hapa ni kweli. Naapa kwa mita zote za umeme nilizozisoma Kiomboi na vitongoji vyake, tangu nikiwa kijana mwenye baiskeli mpaka nilipostaafu nikiwa mzee mwenye magoti mabovu. Naapa pia kwa mbwa wote walioniuma nikizisoma. Nikikutwa nimeongeza hata chembe moja, mtu anichukulie kile nikipendacho kuliko vyote. Sitabisha.

Najua wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Mke wangu Tabitha husema Msengi akitumwa chumvi dukani hurudi na hadithi ya simba, na chumvi ameisahau. Husema pia kwamba kazi iliniharibu shingo, kwa kuwa kila mlango nikiufikia nainua kichwa kwanza, kushoto juu, pale mita zilipokuwa zikifungwa. Hata msibani. Hata harusini. “Umeshaisalimia mita,” huniambia, “sasa wasalimie watu.”

Basi. Nilipostaafu nilinunua kompyuta kuukuu kwa jamaa aliyetaka tu iondoke sebuleni kwake, nikajifundisha mwenyewe kuchora vitu vyenye mbele na nyuma, vinavyozungukika kama chungu mkononi. Kikombe, meza, jogoo. Jogoo alitoka na miguu mitatu, nikamwacha hivyo hivyo. Kisha nikafika kwenye chembe, vile vinukta vya mwanga ambavyo kompyuta huvimwaga kwa maelfu.

Mtu akianza na chembe, kitu cha kwanza ni chemchemi, yaani mahali zinapotokea. Mimi niliiweka mdomoni mwa kikombe, nikabonyeza. Zikamwagika nyeupe kama mchele kwenye gunia lililotoboka, zikapita katikati ya meza kana kwamba meza haipo, zikapita sakafu, zikaenda zake chini kusikokuwa na chini. Nilingoja nisikie zikitua. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Sakafu uliyoichora ni picha tu mpaka uiambie izuie. Usipoiambia, kitu chako kitaanguka milele, na wewe umekaa unakitazama.

Baadaye nilijua kuzipa uzito, kuzipulizia upepo, kuzitia mchafuko kidogo ili zisitembee kama askari kwenye gwaride. Nikajua pia kisanduku cha umri, unapoandika chembe iishi muda gani kabla haijachoka na kutua. Ukikiacha kitupu, haichoki. Nilizidi kuwa fundi. Siku moja nilimwaga mvua ya chembe uani kwa taa ya kurushia picha, jirani akatoka mbio kuanua nguo. Siku nyingine nilirusha vumbi zito hadi kuku wa mtaa mzima wakaenda kulala saa saba mchana, na mmoja akataga yai la kesho yake.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha kuku.

Miaka ile ya kikohozi, kila nyumba ilifungiwa jicho la vumbi juu ya mlango, kando ya mita, ili ijulikane hewa ya ndani inapumulika au la. Jicho lile halioni mtu. Linaona vumbi tu, na jinsi vumbi linavyomkwepa mtu, na linaweka kumbukumbu yake. Kikohozi kilipokwisha macho yalibaki. Ndipo fulani huko mbali akagundua kwamba ukiichukua kumbukumbu ya jicho, ukaimimina kwenye chembe, ukazirusha kwa taa ndani ya chumba kile kile, vumbi huinuka kama lilivyoinuka siku ile. Na katikati yake hutembea tundu, nafasi tupu yenye umbo la mtu aliyekuwepo. Halina sura wala sauti. Lina mwendo wa marehemu, mabega yake, na namna yake ya kuvuta kiti.

Kanisa na msikiti walibishana wee, mwisho wakakubaliana. Ni ruhusa mpaka arobaini. Siku ya arobaini fundi anaandika namba kwenye kisanduku cha umri, marehemu anashuka taratibu mpaka sakafuni, wafiwa wanafagia, matanga yameanuliwa. Kuacha kisanduku kitupu baada ya hapo ni kosa, na sababu ilikuwepo. Huko mabondeni kuna mtu alikutwa ameketi mbele ya tundu la mama yake, amekonda kama ufito, sahani ya ugali kando yake imeota manyoya.

Kiomboi nzima fundi wa kushusha nilikuwa mimi.

*

Zefania Kingu alikuwa na mashine ya kusaga, ile iliyo njia ya kwenda hospitali. Alikuwa mpana. Akisimama mlangoni pa mashine, wateja walidhani imefungwa. Alikuwa rafiki yangu, na mkewe Elipina tuliitana shemeji.

Alifia kazini, mchana wa siku ya gulio, ameegemea gunia. Watu walidhani anapumzika. Waliendelea kupanga ndoo zao za mahindi kwenye foleni na kusogeza ndoo mbele, mpaka mama mmoja alipomgusa bega ili amwambie zamu yake imefika.

Elipina alinijia baada ya maziko, amejifunga kitambaa cheusi, hakutaka hata kuketi. Alinieleza kwamba asubuhi ya siku ile waligombana. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, ndugu wa Zefania waliokuwa wakisagiwa bure kila juma. Lakini ugomvi ulikua, na mwisho akamwambia mumewe neno: nenda, hata usiporudi mashine itasaga. Kisha akaingia chumbani, akalala ameelekea ukutani. Akasikia hatua za Zefania sebuleni zikija. Zikasimama. Kimya kidogo. Halafu mlango wa nje.

“Nieleze alisimama wapi, shemeji,” alisema. “Kama alisimama mlangoni pangu, basi alikuwa ananitazama mgongo. Alikuwa na neno. Nataka kujua hilo tu.”

Nilimwambia jicho halidanganyi. Hilo lilikuwa kweli. Nilisahau kumwambia habari za fundi.

*

Nilichukua kumbukumbu ya jicho lao nikaenda nayo nyumbani, nikafunga mlango, nikaimimina. Nikaiwekea sakafu, nikaiambia izuie. Umri nikauacha mtupu, kama ilivyoruhusiwa. Nikabonyeza.

Zefania akainuka kwenye kioo cha kompyuta. Nilimjua kabla hajapiga hatua ya pili. Vumbi la nyumba ya msagishaji ni unga, jepesi, linakwepa mapema, kwa hiyo tundu lake lilikuwa na kingo safi kama mkate uliokatwa kwa uzi. Alitoka mezani. Akavuka sebule. Akapita mlango wa chumbani bila kugeuza hata bega, akasimama ukutani penye msumari wanapotundika ufunguo wa mashine. Mkono ukapanda, ukashuka. Akatoka nje.

Basi. Kile kimya alichokisikia Elipina kilikuwa ufunguo.

Nilimrudisha tena na tena nikitumaini atabadili nia. Marehemu hawabadili nia. Nikaketi nikiwaza. Nikimpelekea hiki, nitakuwa nimempa mjane picha ya mume anayempita kana kwamba hayupo, na picha hiyo ndiyo ataifagia siku ya arobaini. Na kwa nini? Kwa ajili ya ukweli? Ukweli haujawahi kumpikia mtu uji. Nilimgeukia Tabitha kwenye kiti chake cha dirishani, alikokuwa akifuma, nikamuuliza tufanyeje. Hakunijibu. Mkono wake ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi. Tabitha akinyamaza hivyo, maana yake ni moja: usithubutu.

Nikathubutu.

Nilihitaji mtu wa kusimama mlangoni, na mtu niliyekuwa naye karibu ni mimi. Nilipanda kitini, nikachukua kumbukumbu ya jicho la nyumba yangu mwenyewe, ya asubuhi ile ile: ninainuka, naja mlangoni, nasimama, natoka. Ndani ya programu mna mkasi. Nikajikata nikajitoa, nikajipanua mabega mpaka nikafika kipimo cha Zefania, nikajibandika mbele ya mlango wa chumba cha Elipina. Pale kipande kilipoungana na kingine nikatia mchafuko kidogo ili unga uyeyukie. Ulikuwa mshono mzuri kiasi kwamba nilijipongeza kwa sauti. Ukiwa na haraka, mkasi ule hukata kwa upana. Hilo sikuliangalia.

*

Nilimwonyesha asubuhi, mapazia yameshushwa. Alitaka kuketi kitandani pale pale alipokuwa siku ile, ila safari hii ameelekea mlangoni. Zefania akaja. Akasimama kizingitini. Kichwa kikainuka kidogo, kama mtu anayemeza neno. Halafu akaondoka.

Elipina alifunika mdomo kwa kiganja. Tulikaa hivyo mpaka tundu likazunguka likaja tena.

“Hukuongeza kitu?” aliniuliza.

“Kweli tupu, shemeji. Nikiwa nimeongeza hata chembe moja, unichukulie kile nikipendacho kuliko vyote.”

Lilitoka lenyewe, kama chafya. Naye aliamini. Siku ile alinawa uso, akapika, akala mbele za watu, na majirani walinishika mkono njiani. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa kwa sababu nyingine mbali na mita.

Arobaini ilipofika nilikwenda kuandika namba. Alinizuia mkono. Alisema Zefania hajaingia bado, amesimama tu, na kumshusha akiwa mlangoni ni sawa na kumfukuza mara ya pili. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu na maneno nilikuwa nayo. Badala yake niliacha kisanduku kitupu, nikaenda kumwambia mtendaji wa kata kwamba marehemu Kingu ameshushwa salama. Uongo si mgumba.

Mvua za kwanza zilipita. Kisha akanijia Damari, dada yake Zefania, mama mwenye hatua ndefu na maneno mafupi. Nilimpokea barazani, nikamwambia samahani siwezi kumkaribisha ndani, Tabitha amepumzika. Damari alinitazama kitambo, akameza alichotaka kusema. Akasema lililomleta.

Wifi yake analala kwenye mkeka, mlangoni pa chumba. Mashine imefungwa, watu wanatembea mpaka mji wa pili kusaga. Kila chakula anapakua sahani ya pili, anaiweka kizingitini. Na mchana kutwa anasema karibu. Tundu likija, karibu. Likiondoka, ananyamaza. Likirudi, karibu.

“Sauti imemwisha,” alisema Damari. “Wewe ndiye uliyemleta kaka yangu mlangoni, Mzee Msengi. Njoo umwingize au umtoe.”

*

Upepo wa Kiomboi ulikuwa unapiga mabati tulipofika. Ndani taa ya chembe ilikuwa inawaka kama nilivyoiacha. Elipina alikuwa kwenye mkeka upande wa ndani wa mlango, magoti yamekunjwa, kanga imemzidi mwili. Nilimtambua kwa macho yake tu.

Nilibisha hodi sebuleni, nikaenda kwake. Sikuangalia chembe. Chembe ni mwanga, hazina uzito, mtu hupita ndani yake kama anavyopita kwenye jua. Nilifika mlangoni pa chumba, nikasimama, na Zefania naye alikuwa anafika.

Nyuma yangu nilimsikia Damari akivuta pumzi.

Mimi sikuona kitu, nilikuwa ndani. Wao waliona. Waliona mzee Msengi akiingia kwenye lile tundu kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake, goti kwa goti, kiwiko kwa kiwiko, mabega tu yakipwaya kama koti la kuazima. Waliona tundu likiinua kichwa, kushoto juu. Waliona na mimi nikiinua, kushoto juu, kwenye ukuta mtupu. Juu ya mlango wa chumba cha kulala hakuna mita. Shingo yangu haijawahi kulijua hilo.

“Rudi nyuma, shemeji,” alisema Elipina. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama sufuria inayokwanguliwa.

Nikarudi.

“Njoo tena.”

Nikaja. Tundu likaja. Tukainua kichwa pamoja, kama waumini wawili.

Elipina akatutazama, mimi na lile tundu.

“Shemeji,” alisema, “Zefania alianza lini kusoma mita?”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Hakuna aliyecheka nami. Nikaanza kueleza. Nikaeleza habari za unga, za upepo wa dirishani, za wanaume kwa ujumla na tabia yao ya kutazama juu wakiwa na majonzi. Aliniacha nimalize. Mwanamke aliyekaa na mume miaka mingi anajua kumwacha mtu amalize. Nilipomaliza akanyoosha kidole, chini ya kiwiko cha lile tundu, pembeni kabisa, ambapo vumbi lilikuwa likitetemeka.

“Na huu mkono?”

Hapo ndipo nilipouona. Tundu dogo, kiasi cha ngumi. Lilikwenda na kurudi, likaenda na kurudi.

“Nimeutazama tangu siku ya kwanza,” alisema. “Nikajiambia labda ni pazia, labda ni panya. Huu ni mkono unaofuma. Zefania hakufuma. Mimi ndiye niliyemfundisha Tabitha kulaza sindano hivi, kwa sababu ya kile kidole chake kilichokakamaa.” Akanigeukia. “Tabitha tulimzika, shemeji. Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Huko kwako bado anafuma nini?”

Haya, msomaji. Na wewe umenikamata. Nilikuambia Tabitha husema, Tabitha huniambia, Tabitha amepumzika, nikakuacha umuone ameketi dirishani mzima na sindano zake. Ameketi, ndiyo. Ameketi tangu maziko yake mwaka juzi. Ni tundu. Arobaini yake ilipofika nilimwambia mtendaji nimemshusha, nikarudi ndani, nikafunga mapazia, nikaacha kisanduku kitupu. Na jicho la vumbi halijui kutofautisha vumbi na chembe za mwanga. Kila siku lilikuwa linamuona pale kitini, linamweka kwenye kumbukumbu pamoja nami. Nilipojikata kwa haraka, mkasi ukanifuata na mkono wake.

Damari alikuwa amegeukia ukuta.

“Nipe wa kwangu,” alisema Elipina. “Yule wa kweli. Najua unaye.”

Nilikuwa naye. Fundi hatupi kitu. Nilikwenda kwenye taa, nikamtoa mzee Msengi mlangoni, nikamrudisha Zefania. Akainuka mezani na mabega yake mwenyewe. Akavuka sebule, akapita mlango ule bila kugeuka, akaenda msumarini. Mkono ukapanda, ukashuka. Akatoka.

Elipina aliangalia mara moja tu.

“Ufunguo,” alisema.

“Ufunguo.”

“Hakunitazama.”

“Hakukutazama, shemeji.”

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisema katika nyumba ile tangu msiba, na lilikuwa na uzito wa gunia. Nilingoja aanguke. Alitoka kwenye mkeka akishika ukuta, akaenda mpaka penye msumari, akaugusa. Alikuwa analia, lakini alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyemtambua mtu njiani.

“Huyo ndiye,” alisema. “Akinuna hupita kama lori la mizigo. Yule wako alikuwa mpole mno. Nilikuwa namwonea haya, nikadhani kifo kimemgeuza.” Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. “Alichukua ufunguo. Alikuwa anakwenda kazini. Siku kama siku. Mshushe.”

Nikamwambia ngoja kwanza nihakikishe sakafu, kwa sababu sakafu isipoambiwa izuie, mtu hupitiliza akaanguka asifike popote. Akasema hakikisha. Nikahakikisha. Nikaandika namba.

Unga ulishuka kimya. Yalianza mabega, kisha mgongo, kisha ile nafasi ya kichwa ikajaa taratibu kama kisima. Mkono ulio karibu na msumari ulikuwa wa mwisho. Damari alikwenda kuleta ufagio, Elipina akamnyang'anya, akafagia mwenyewe, kutoka ukutani mpaka nje. Hakuna kinachofagiwa, ni mwanga tu. Ndivyo tunavyofagia.

Alipomaliza aliegemeza ufagio, akanigeukia.

“Sasa kiapo chako,” alisema. “Ulisema nichukue unachokipenda kuliko vyote.”

Nikampa kompyuta. Akanitazama. Nikataja mbuzi jike, yule mwenye mimba. Nikataja baiskeli yangu ya kazini, nikaisifu mpaka nikaifanya iwe na magurudumu yaliyowahi kuvuka mto yenyewe.

“Shemeji,” alisema, “usinichezee.”

*

Alikuja asubuhi iliyofuata, na ufagio wake chini ya kwapa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa ametoka kufungua mashine, amesaga ndoo za kwanza, akawaambia waliobaki wangoje, ana jambo.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia mengi. Kwamba mwanamke amesinzia kitini, njoo kesho. Kwamba taa imeharibika. Alikuwa ameshaingia. Alisimama mbele ya dirisha, mbele ya tundu la mtu mdogo aliyeinama, akavua kitambaa cha kichwa kama anavyofanya mtu akiingia kwa shoga yake.

“Habari za siku, Tabitha,” alisema.

Mkono ulikwenda na kurudi.

Akaniuliza anafuma nini. Nikamwambia sijui. Nyuzi hazikwepwi na vumbi, ni nyembamba mno, jicho halikuziona. Kwa muda wote huu nimeutazama mkono ule na sijawahi kujua kama ni kitambaa cha meza au ni soksi zangu. Nikamwambia pia kwamba huwa ananijibu. Elipina hakubisha. Alisema tu kwamba na yeye alikuwa akijibiwa, pale mkekani, na sauti ya kujibu ilikuwa yake mwenyewe.

Niliketi kwenye kompyuta. Nilitaka kuandika namba kubwa, yenye masifuri kama mayai ya kuku wangu wa mchana ule. Alikuwa amesimama begani kwangu.

“Mpe kiasi cha kumaliza mstari alio nao,” alisema. “Asiachie sindano njiani.”

Nikaandika.

“Na sakafu?”

Nikafungua kuangalia. Haikuwa imeambiwa. Fundi mimi, niliyewashusha watu wa kata nzima, sikuwa nimeweka sakafu chini ya mke wangu, kwa sababu sikuwa nimekusudia ashuke kamwe. Ningebonyeza vile, angepita kiti, akapita saruji, akaenda zake chini kusikokuwa na chini, na mimi nimekaa namsikilizia atue.

Nikaiambia sakafu izuie. Nikaiambia mara mbili.

Alimaliza mstari wake. Nilimwona akigeuza sindano, kama alivyokuwa akigeuza, kwa kile kidole kisichokunjika, na ule mgeuzo ulipofika katikati chembe zikaanza kuchoka. Dirisha likaonekana mahali palipokuwa na shingo. Kiti kikaonekana. Vikabaki vidole, vikaenda, havikurudi. Vumbi lote la mwanga likalala sakafuni karibu na miguu yangu, jembamba, halafu likazimika.

Elipina alininyooshea ufagio. “Wa nyumbani ndiye anayefagia,” alisema.

Nilifagia kutoka dirishani mpaka barazani, polepole, hata chini ya kiti. Nilifungua mapazia. Kulikuwa na vumbi la kweli kila mahali, la tangu mwaka juzi, na lilipopigwa na jua likainuka lote kwa pamoja, halikuwa linamkwepa mtu.

Elipina akasema wateja wanangoja. Nikamsindikiza. Mlangoni nilisimama, na shingo yangu, bila kuniuliza, ikainuka kushoto juu. Mita ilikuwa inazunguka taratibu mno. Nikabaki vile vile, kichwa juu, nikingoja niambiwe sasa niwasalimie watu.

Elipina alikuwa ameshafika katikati ya ua. Aligeuka, akaniona nilivyo. Alifungua mdomo, akaufunga. Neno lile halikuwa lake.